Mto mmoja, mabishano matatu: uamini maelezo yapi kuhusu kima wa Amerika Kusini?

Kuna mto Amerika Kusini wenye jina moja na tahajia mbili. Ukiwa Peru unaitwa Yurúa; ukivuka mpaka na kuingia jimbo la Acre, Brazil, unaandikwa Juruá, kisha unajipinda kama nyoka hadi unapokutana na Amazon. Nimeuchukua kuwa uzi wa makala haya kwa sababu mabishano matatu makubwa kuhusu kima wa bara lile yanapita humo: walifikaje, wale wa kale wana undugu gani na wa leo, na ni nini kilichowagawa wakawa spishi zaidi ya 150.

Kila bishano lina maelezo mawili au matatu yanayoshindana, na kila moja ukilisoma peke yake linakuridhisha. Ukiwa mwalimu, mwandishi, au mzazi aliyeulizwa swali na mtoto wake, itabidi uchague. Kigezo changu nakitaja mapema ili usinilaumu baadaye: sichagui maelezo yanayosikika kuwa ya kawaida, nachagua yanayoacha mambo machache yakining'inia.

Na neno kuhusu maneno. Kiswahili chetu kinamjua kila mmoja kwa jina lake: nyani ni nyani, tumbili ni tumbili, mbega na ngedere vivyo hivyo. La kuwakusanya wote ndilo gumu. Hapa nitasema "kima" kwa wote, na wenye wivu na lugha wanivumilie.

Wanaozungumziwa

Mtazame tumbili usoni. Matundu ya pua yake yamekaribiana na yanaelekea chini, kama yako. Kima wa Amerika Kusini ana matundu yaliyoachana, yanayotazama pembeni, na ndiyo maana kundi lao zima linaitwa Platyrrhini, yaani wenye pua bapa. Mdomoni, tumbili ana magego madogo mawili kila upande wa kila taya. Wao wana matatu. Mkia wa tumbili kazi yake kubwa ni kumweka sawa asianguke, lakini Ateles na Alouatta, jenasi mbili za kima wakubwa wa huko, huning'inia kwa mkia, na sehemu ya ndani karibu na ncha haina manyoya, ni ngozi tupu yenye mistari kama kiganja.

Wapo wadogo mno: Cebuella akiwa mzima ana uzito wa gramu mia na kitu, anakaa kwenye kiganja cha mtoto. Brachyteles wa msitu wa pwani ya Atlantiki nchini Brazil anapita kilo kumi. Aotus hutembea usiku, jambo ambalo hakuna kima mwingine duniani analolifanya. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyehamia chini moja kwa moja, akaishi uwandani kama nyani wetu wa Serengeti.

Bishano la kwanza: walifikaje?

Njia zilizopendekezwa ni tatu: bara lilipasuka nao wakiwa juu yake, walitembea kutoka kaskazini, au walivuka bahari.

Ya kwanza inapendwa sana na watu waliosoma jiografia, kwa sababu ramani ya Brazil na ya Ghuba ya Guinea zinaingiana kama vipande vya chungu kilichovunjika. Tatizo ni tarehe. Afrika na Amerika Kusini ziliachana kabisa takriban miaka milioni 100 iliyopita, na wakati huo kima hawakuwepo popote. Visukuku vya kwanza vya ukoo wao, vinavyotoka Asia, vina umri usiofika nusu ya huo. Kusema kima walipanda bara wakati linapasuka ni sawa na kusema babu wa babu yako alikwenda Mombasa kwa SGR.

Njia ya kaskazini ilikuwa na watetezi wenye heshima kwa miongo mingi. Amerika Kaskazini ya zama za Eosini (takriban miaka milioni 56 hadi 34 iliyopita) ilikuwa na wanyama wa jamii ya komba kwa wingi, basi kwa nini wasishuke kusini wakageuka kuwa kima? Hoja mbili zinaiangusha. Kwanza, katika visukuku vyote vilivyochimbwa huko hakuna hata jino moja la Eosini linaloelekea kuwa la kima wa kweli. Pili, na hii ndiyo watu huisahau, Amerika Kusini wakati huo kilikuwa kisiwa kikubwa. Shingo ya nchi ya Panama ilikamilika kama miaka milioni 3 iliyopita tu. Kwa hiyo anayekimbilia kaskazini ili aikwepe bahari anaikuta bahari inamsubiri. (Njia ya Antaktika nayo imewahi kutajwa. Wanyama wenye mfuko kama wa kangaruu waliitumia kati ya Amerika Kusini na Australia, lakini Afrika ilikuwa imeshajitenga na Antaktika zamani sana.)

Inabaki bahari. Ninajua inavyosikika. Kundi la kima juu ya kisiwa cha miti na majani yaliyosokotana, linang'olewa ukingoni mwa mto wa Afrika wakati wa mafuriko, linaingia Atlantiki na kutua Brazil. Msikilizaji wa kwanza hucheka, na ana haki. Lakini tuhesabu.

Miaka milioni 35 au 40 iliyopita Atlantiki ilikuwa nyembamba kuliko leo: sehemu iliyobana zaidi inakadiriwa kuwa kilomita 1,500 hadi 2,000, wakati leo ni zaidi ya 2,800. Mkondo wa bahari karibu na ikweta ulielekea magharibi, kama unavyoelekea sasa. Mwishoni mwa Eosini barafu ilianza kuijaa Antaktika, usawa wa bahari ukashuka, na baadhi ya miinuko iliyo chini ya maji huenda ilitokeza juu kama visiwa vya kupumzikia. Mahesabu yaliyofanywa kuhusu upepo na mkondo yanatoa safari ya wiki moja na nusu hadi mbili hivi. Kima mdogo, mwenye majani na umande juu ya chelezo chake, anaweza kuishi muda huo.

Chelezo chenyewe si ndoto. Wakazi wa kando ya Ziwa Victoria wanavijua visiwa vya mafunjo vinavyohama usiku na kuziba gati asubuhi. Mto Kongo kila siku unatapika mafungu ya magugumaji kwenye Atlantiki. Na gugumaji lenyewe, kwa kejeli ya historia, asili yake ni bonde la Amazon. Mwaka 1995, baada ya vimbunga viwili katika Karibi, mijusi wakubwa wa kijani aina ya iguana walionekana wakishuka pwani ya kisiwa cha Anguilla kutoka kwenye lundo la magogo, mahali ambapo aina yao haikuwahi kuwepo, na wakazaliana. Na hapa kwetu, komba wa Madagaska walifikaje kama si kwa kuuvuka mlango wa bahari wa Msumbiji, wenye upana wa kilomita 400?

Sasa tuurudie mto wetu. Mahali paitwapo Santa Rosa, kwenye ukingo wa Yurúa nchini Peru, wachimbaji walichekecha udongo wakapata magego madogo kama punje za mchele uliovunjika. Mwaka 2015 yalitangazwa ya Perupithecus, na kilichoshtua ni kwamba yanafanana na meno ya Talahpithecus, kima wa kale wa Libya, kuliko ya kima yeyote wa Amerika. Mwaka 2020, kutoka Santa Rosa hiyohiyo, akaja Ucayalipithecus. Huyu si mzazi wa kima wa leo kabisa. Ni wa familia ya Parapithecidae, iliyojulikana vizuri kutoka Fayum, Misri, na ambayo hadi siku hiyo hakuna aliyeikuta nje ya Afrika. Kisha mwaka 2023, upande wa Brazil wa mto uleule, likatangazwa jino moja la juu la Ashaninkacebus, lililopewa jina la Waasháninka, wenyeji wa eneo hilo. Huyu anafanana na ukoo wa kale wa Asia kusini, Eosimiidae.

Koo tatu tofauti, basi, mto mmoja. Waliovuka hawakuvuka mara moja.

Na hawakuwa peke yao. Simbilisi anayefugwa kwenye vibanda vya jikoni, pamoja na jamaa zake wote wa Amerika Kusini, ana undugu na ndezi wa mashamba yetu ya miwa na nungunungu wetu. Visukuku vya mababu zao vimepatikana Contamana, Peru, vikiwa na umri wa takriban miaka milioni 41. Nao hawakuwa na daraja.

Kwa hiyo hapa nachagua bahari bila kusita, na nachagua safari zaidi ya moja. George Gaylord Simpson, mtaalamu wa visukuku wa Marekani, aliifananisha njia ya namna hii na bahati nasibu: kila tiketi ina nafasi ndogo mno, lakini ukichezesha kwa miaka milioni kumi mtu atashinda. Jambo moja tu usijifunge nalo, yaani umri wa Santa Rosa. Makadirio ya kwanza yalisema kama miaka milioni 36, vipimo vya baadaye vimeshuka hadi karibu 30. Ukiandika, toa masafa, usitoe namba moja.

Bishano la pili: wa Patagonia ni mababu au ni wapangaji waliohama?

Baada ya Santa Rosa tunaruka kimya kirefu hadi Salla, Bolivia, kwa Branisella wa takriban miaka milioni 26, halafu ghafla Patagonia, kusini kabisa mwa bara, inajaa kima. Ndiyo, Patagonia ya upepo na baridi. Miaka milioni 20 hadi 16 iliyopita ilikuwa na misitu. Tremacebus na Dolichocebus wametoka Chubut, na Homunculus, aliyepewa jina na Florentino Ameghino mwaka 1891, ametoka Santa Cruz. Ng'ambo ya Andes, nchini Chile, yupo Chilecebus mwenye fuvu zuri na ubongo mdogo.

Ubishi ni hivi. Upande mmoja, ambao mtafiti wa visukuku Alfred Rosenberger ameutetea tangu miaka ya 1970, unasema koo za leo ni za kale sana. Tremacebus ana matundu makubwa ya macho, basi ni wa upande wa Aotus, yule wa usiku. Dolichocebus ni wa upande wa Saimiri, kima mdogo wa leo. Mistari ni mirefu, imenyooka, na kila kima wa leo ana babu wake Patagonia. Upande wa pili, wa Richard Kay na wenzake, unasema hao wa kusini walikuwa tawi lililochipuka kabla koo za leo hazijagawanyika. Likazaa aina zake, likafanana na wa leo kwa sababu lilikula vyakula vilevile, kisha likakauka lote.

Mpenda picha nzuri atachukua ya kwanza. Ni safi, na inakupa ukoo wa kuchora ukutani. Mimi nakuelekeza kwenye ya pili, kwa sababu tatu zisizolingana uzito. Macho ya Tremacebus ni makubwa, lakini hayafikii ya Aotus. Kufanana nusu si undugu. Vinasaba vinapopimwa kwa kasi ya mabadiliko, babu wa mwisho wa kima wote wa leo anaangukia miaka kati ya milioni 20 na 25 hivi, na hapo nafasi ya kuwapata wajukuu waliokwisha kugawanyika Patagonia milioni 20 iliyopita inabana mno. Sababu ya tatu ndiyo nzito kwangu. Wakati wa kupanua Mfereji wa Panama, miamba iliyofichuka ilitoa meno saba ya Panamacebus, aliyetangazwa mwaka 2016, mwenye umri wa miaka milioni 20.9. Huyo anawekwa ndani ya ukoo wa kapuchini (tutakutana nao hapo chini) na Saimiri, yaani ndani ya kima wa kisasa. Wakati Patagonia ilikuwa na wale wa ajabu, ukoo wa leo ulikuwa kaskazini, kwenye joto, na umeshavuka tena maji kutoka Amerika Kusini.

Halafu tazama La Venta, Colombia, miaka milioni 13 hadi 12 iliyopita: Neosaimiri, Stirtonia anayekaribiana na Alouatta, na Aotus wa kale kabisa. Hao hata mwanafunzi atawatambua. Wa Patagonia mpaka uambiwe. Dunia ilipopoa na Andes zikainuka na kuzuia mvua, misitu ya kusini ilikufa na kima wake wakafa nayo.

Nakiri kwamba Soriacebus, mwenye meno ya mbele kama ya wapasua mbegu wa leo, bado anawapa watetezi wa mistari mirefu mahali pa kusimama. Kama mtihani wako unaidai nadharia ya kwanza, mtaje yeye, si Tremacebus.

Kwenye visiwa vya Karibi nitapita haraka, maana ubishi umepungua. Jamaica ilikuwa na kima wa ajabu, Xenothrix, mwenye meno machache na miguu iliyojengeka kama ya mnyama mzembe wa kutambaa matawini. Wapo waliomfanya ukoo wa peke yake. Mwaka 2018 vinasaba vyake vilisomwa, akaonekana ni mmoja wa kima waitwao titi (jina la huko, wala usicheke), aliyefika kisiwani kama miaka milioni 11 iliyopita. Kuonekana wa ajabu ni kazi ya kisiwa, si ya ukoo. Anayeijua Zanzibar na kima punju wake hatashangaa kwamba kisiwa kinaweza kuwa na lake.

Bishano la tatu: nini kiliwagawa?

Hapa ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu kwa haki, na ndipo wengi hukosea kwa kutaka jibu moja.

Jibu la mito ni la Alfred Russel Wallace, mwanaasili wa Uingereza. Mwezi Agosti 1852 meli iliyokuwa ikimrudisha Uingereza iliungua na makusanyo yake ya Amazon. Desemba mwaka huohuo alisimama London na kueleza kwamba Amazon, Rio Negro na Madeira ni mipaka. Ukivuka unakuta kima mwingine, na wawindaji wenyeji wanalijua hilo kiasi kwamba humfuata mnyama fulani ng'ambo fulani. Kima hawaogelei kwa hiari. Mto mpana ni ukuta.

Jibu la misitu iliyokatika ni la Jürgen Haffer, mtaalamu wa ndege wa porini, mwaka 1969. Alisema zama za barafu zilileta ukame, Amazon ikageuka mbuga yenye visiwa vya msitu, viumbe wakafungiwa humo na kutofautiana, kisha msitu ukaungana tena. Ni wazo tamu. Kwa miaka ishirini lilitawala kila kitu. Lakini chavua iliyozama kwenye matope ya Ziwa Pata, kaskazini mwa Amazon, ilionyesha msitu ulikuwepo wakati ambapo ulitakiwa usiwepo. Isitoshe, vinasaba vinaonyesha kwamba migawanyiko mingi kati ya koo ni ya kale kuliko ukame huo.

Jibu la tatu ni la uhamaji, na kapuchini ndio mfano wake bora. Wapo wembamba, Cebus, na wapo wenye taya nene, Sapajus. Waliachana kama miaka milioni 6 iliyopita, wembamba wakiwa Amazon na wanene kwenye msitu wa pwani ya Atlantiki. Kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wanene waliingia Amazon juzi tu, chini ya nusu milioni ya miaka, na ndiyo maana leo unaweza kuwakuta wote wawili kwenye msitu mmoja. Mto haukuwagawa, wala ukame. Waligawanyika mbali, wakakutana nyumbani kwa mmoja wao. (Sapajus hao ndio wanaovunja njugu kwa mawe katika hifadhi ya Serra da Capivara, ambako mawe yao ya miaka 3,000 yamefukuliwa.)

Ukinilazimisha niweke kimoja juu, naweka mito, lakini kwa masharti. Mto wenyewe una umri. Kabla ya takriban miaka milioni 10 iliyopita, sehemu kubwa ya magharibi mwa Amazon ilikuwa kinamasi kikubwa mno kilichoitwa Pebas. Mto unaoelekea mashariki kama tunavyoujua ulikuja baadaye, Andes zilipoinuka na kusukuma maji na udongo. Kwa hiyo mto unaweza kueleza spishi za jana, si koo za kale. Titi na tamarini (kima wengine wadogo wa huko), ndiyo. Utengano wa Ateles na kapuchini, hapana.

Msomaji wa Kongo ana ushahidi wake mlangoni. Sokwe wako upande wa kaskazini wa Mto Kongo, bonobo upande wa kusini, na hakuna daraja la asili kati yao. Wallace angefurahi.

Na mto, tofauti na ukuta wa matofali, haulingani kote. Hapo narudi Juruá. Miaka ya 1990 watafiti walipima vinasaba vya tamarini wadogo wa kingo zake, wa kahawia ng'ambo moja na weupeweupe ng'ambo nyingine. Sehemu za chini, ambako maji ni mapana, mpaka ulikuwa mkali. Kuelekea chanzo, ambako mto ni mwembamba, pande mbili zilikuwa zimechanganyika. Tena mto huu hukata pindo zake: usiku mmoja wa mafuriko unaweza kukihamisha kipande cha ardhi, pamoja na tamarini waliolala juu yake, kutoka ukingo huu hadi ule bila hata mmoja kulowa mguu.

Kwa hiyo kama una ubao mmoja na dakika kumi, acha ramani ya mabara. Chora Juruá peke yake. Juu kabisa, kwenye mpaka wa Peru, weka meno matatu ya wageni kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Chini, paka rangi mbili za tamarini, kila moja ukingo wake, na kadiri unavyopanda kuelekea chanzo ziache ziingiane.